Balbu za LED kwenye Peugeot 504: taa nzuri, duka la hovyo

Kama una gari la zamani na mtu anataka kukuuzia balbu za LED za indiketa, muulize kitu kimoja kabla hujatoa hela mfukoni: flasha, kile kifaa kinachoifanya indiketa iwake na kuzima, je? Akikukodolea macho, ondoka. Mimi niliuliza. Nilijibiwa, "Usijali ssebo, zinaingia zenyewe." Ni kweli, kuingia ziliingia.

Peugeot 504 yangu aliiacha marehemu baba na sina mpango wa kuiuza. Shida yake kubwa hapa Kampala ilikuwa indiketa. Kava za taa zimefifia kwa jua, na balbu za asili mchana wa saa saba zinatoa mwanga wa rangi ya chai iliyozidi maji. Bodaboda wanakupita kushoto na kulia kwa pamoja, na taa wasiyoiona hawawezi kuiheshimu. Ndiyo maana nikaenda kwenye duka moja la spea mjini nikanunua LED nne, za rangi ya machungwa (nyeupe nyuma ya kava la machungwa hupauka, msizichukue). Kijana wa duka akazipima kwa waya kutoka kwenye betri, zote zikawaka vikali, akazichomeka, nikalipa.

Siku chache baadaye nilikuwa barabara ya Jinja. Nikafika Namawojjolo, pale wanapokimbilia madirisha na mishikaki ya kuku, nikataka kukata kulia. Nikashusha indiketa. Kimya. Ule mlio wa tik-tak niliouzoea tangu utoto haukuja. Taa iliwaka moja kwa moja, haizimi, haipepesi. Nimeanza kukunja usukani, bodaboda akatokea upande wangu wa kulia na mama amebebwa nyuma, kikapu mapajani. Alifunga breki hadi usukani wa pikipiki ukagusa mlango wangu. Hakunitukana hata. Alisema, "Mzee, nilidhani hiyo taa umeweka ya urembo!" Yule mama hakusema neno, alikuwa ameshika kikapu kwa mikono miwili na mikono inatetemeka. Chakula sikununua tena.

Nikarudi dukani. Mwenye duka hakuinuka kwenye kiti. Nilimwomba aje tu asikilize chini ya dashibodi, hatua tano kutoka alipokaa. Akasema, "Balbu si zinawaka? Basi mimi nimemaliza. Ubovu uko kwenye gari lako. Hilo ni la kuuzwa kwa kilo." Mbele ya wateja! Gari lililoshinda Safari Rally mwaka 1975 na kushinda tena 1978, wewe unaliita chuma chakavu kwa sababu hujui kifaa kidogo cha kuwasha na kuzima taa? Nilidai hela zangu. Akanijibu mali ikishauzwa hairudi. Badala yake akanipigia hesabu nyingine: ninunue resista nne, vifaa vya kuvuta umeme wa ziada ili flasha ione kama balbu za zamani bado zipo, azifunge kwa solotepu juu ya waya kwenye buti.

Tuelewane kuhusu hizo resista. Zinazouzwa kwa kazi hii aghalabu ni za omu 6. Kwa volti 12 zinakula ampea 2, yaani wati 24 za joto tupu, zaidi ya balbu ya zamani ya wati 21. Kijana alinionyesha moja ikifanya kazi, nikaigusa dakika moja baadaye, ngozi ya kidole ikabaki na alama. Kitu hicho ndicho alitaka kukivika solotepu pembeni ya zulia la buti.

Aliyenitoa kwenye balaa hili ni mzee mmoja fundi umeme kule Ndeeba. Alinisalimia kwanza, akaniuliza habari za nyumbani, kisha akasema, "Washa indiketa, mwanangu," akainamisha kichwa akasikiliza. Akachomoa kikopo kidogo cha bati chini ya dashibodi, akakifungua kwa koleo anionyeshe. Ndani kuna kipande chembamba cha chuma ambacho umeme ukipita kinapata joto, kinapinda, kinakata mkondo, kinapoa, kinarudi. Balbu mbili za zamani zilivuta ampea tatu na nusu hivi, joto likapatikana. LED zinavuta kidogo mno, chuma hakipindi, taa inaganda. Akaweka flasha ya kielektroniki yenye miguu mitatu, akakwangua rangi kwenye bodi mpaka chuma kikang'aa, akafunga hapo waya wa ethi. Soketi moja ya nyuma ilikuwa na kutu, akaipiga msasa. Tik-tak, tik-tak. Alichonidai hakifiki bei ya balbu moja.

Nilikuwa nimeapa kuandika kwamba LED kwenye gari la zamani ni wizi mtupu. Siwezi. Jana jioni barabara ya Entebbe niliwasha kushoto, boda watatu wakapunguza mwendo nikawaona kwenye kioo. Taa inaonekana, tena mbali. Ila jueni kwamba flasha hii mpya haijali balbu ikifa: ya zamani ilibadilisha mwendo ukajua kuna jambo, hii inaendelea kugonga vilevile. Kwa hiyo kila asubuhi nazunguka gari nikikagua, na nyie fanyeni hivyo.

Zinafaa, basi. Nilitaka kuzipa nyota nne. Lakini nikiikumbuka mikono ya yule mama, na yule bwana asiyeweza kuinuka kwenye kiti, nashindwa. Nyota mbili, na zote ni za mzee wa Ndeeba.