Zulia la sufu, au la plastiki lililopuliziwa dawa?

Ukitaka zulia lisiloshika moto upesi, unaweza kununua la sufu, au kulipulizia dawa ya kuzuia moto la plastiki ulilonalo. Mimi nachagua sufu bila kusita. Ina naitrojeni nyingi na unyevu ndani yake, na haiwaki mpaka joto lifike nyuzijoto 570 hivi za Selsiasi. Kaa la sigara likidondoka, huacha doa jeusi linalopukutika ukilikwangua kwa kucha, na kwa kawaida moto hufia papo hapo. Polipropilini, plastiki ya mazulia mengi, huyeyuka kwenye nyuzijoto 165 hivi, na ule uji wa moto hung'ang'ania ngozi. Kwa nyumba yenye mtoto anayetambaa, hilo linanitisha kuliko moto wenyewe.

Dawa ni nafuu, nakubali. Lakini nyingi ni chumvi zinazoyeyuka majini: ukifua zulia, kinga imekwenda, upulizie upya. Na uijaribu kwanza pembeni, isije ikaharibu rangi.

Ikiwa bei ya sufu imekushinda, tafuta la plastiki ambalo mgongo wake umechanganywa hidroksidi ya alumini. Hiyo hutoa mvuke wa maji inapopata joto kali, na haitoki kwa kufuliwa.