Mkono wa shawa: usitazame unapong'aa, tazama unapoingia ukutani

Malalamiko ya bafuni ninayoletewa na wasomaji ni yale yale. Dada mmoja wa Fuoni alikuwa anafungua kichwa cha shawa akisafishe chokaa, mkono wa shawa, yaani lile bomba linalotoka ukutani na kushika kichwa, ukakatika. Akabaki na bomba zuri linalong'aa mkononi, na meno yake yote, ile mistari ya kuzungushia, yamebaki ndani ya ukuta. Mwengine wa Jambiani, anayekodisha vyumba, yalimkuta hayo hayo mgeni akiwa na sabuni kichwani. Wote wawili mikono yao ilikuwa bado mipya kwa macho, na wote wawili wananiuliza: sasa ninunue upi?

Sitakuchosha na habari za urefu, umbo wala rangi. Ukitaka wa mraba, wa duara, mweusi au wa dhahabu, hayo ni yako na bafu lako. Saizi nayo ni moja karibu nyumba zote: nusu inchi. Ukipima meno kwa rula utapata kama milimita 21 na utadhani umekosea. Hukukosea, nusu inchi ni jina la saizi ya bomba, si upana wa meno. Tahadhari ni kwa wale wenye jamaa Marekani wanaotia vitu kwenye sanduku la zawadi. Mkono wa kule una meno 14 kwa inchi kama wetu, kwa hiyo utaingia na utahisi umekaa, lakini pembe ya meno yao ni nyuzi 60 na yetu ni 55. Unaweza kuchuruzika hata uuzungushie tepu yote. Wa Uingereza au wa India hauna tabu hiyo.

Sasa tuje kwenye jambo ambalo hakuna muuzaji atakayekwambia: ile sentimita moja na ushei ya mwisho, yenye meno, inayojificha ukutani. Mkono wa bei poa ni bomba jembamba la chuma lililopigwa kromu. Fundi wa kiwandani akishachonga meno kwenye ukuta mwembamba namna hiyo, chuma kinachobaki chini ya meno ni utando tu. Na kromu yenyewe inakaa nje. Ndani ya bomba haifiki sawasawa, kule maji yanagusa chuma kitupu. Maji yenyewe ni yepi? Unguja ni kisiwa cha mawe ya matumbawe, maji yetu yana chokaa, na visima vya karibu na pwani vingi vina chumvi. Hata ukiwa na maji ya ZAWA, Mamlaka ya Maji Zanzibar, siku yakikatika unajaza tangi kwa pampu ya kisima cha jirani. Basi pale kwenye maungio, panapobaki na unyevu usiku na mchana, kutu inakula kutoka ndani, na nje kunang'aa vile vile mpaka siku ya kukatika.

Ukikatika, bei ya mkono inakuwa jambo dogo. Nyumba nyingi za siku hizi zina mabomba ya plastiki ya PPR, na ile elbo, kiungo cha kona kilichofukiwa ukutani, ina kipande cha shaba ya njano kilichoshikwa na plastiki. Fundi akitia nguvu kutoa masalio ya meno, kile kipande kinazunguka, plastiki inapasuka, na hapo hakuna jengine ila kuvunja marumaru. Na marumaru uliyonunua miaka mitano nyuma, nani anayo leo dukani?

Kwa hiyo dukani fanya hivi. Geuza mkono, tazama mdomo wa upande wa ukutani. Chuma kionekane kinene hata kwenye bonde la meno. Kisha kwaruza kwa ufunguo ndani ya mdomo, mahala ambapo hapaonekani: rangi ya njano ni brasi, yaani shaba iliyochanganywa na zinki, kijivu si brasi, maneno yoyote uambiwe. Sumaku uchukue pia, ikinata kwa nguvu hicho ni chuma cha kawaida, rudisha. Lakini usiitegemee peke yake, kwa sababu zinki tupu nayo hainati na ni dhaifu vibaya sana.

Kwenye orodha yangu namba moja ni Jaquar, na sifichi mapenzi yangu. Ni kampuni ya India iliyoanza mwaka 1960 kwa jina la Essco, na jina Jaquar likaja 1986. Mikono yake ya brasi niliyoishika ilikuwa na mdomo mnene, meno yamechongwa safi mpaka mwisho, na uzito wake unausikia mkononi. Brasi nayo si ya milele. Maji ya chumvi huitafuna zinki yake polepole mpaka inageuka nyekundu. Lakini ikiwa na unene, hiyo ni habari ya miaka mingi. Essco bado ipo kama jina la bei nafuu la kampuni hiyo hiyo, na ukiikuta yenye brasi, chukua bila kusitasita.

Wa pili ni Wajerumani, Grohe na hansgrohe. Ni wazuri, sina la kusema, ila bei yake ni ya mwenye hoteli Mji Mkongwe, si ya mtu anayebadilisha mkono mmoja bafu la watoto. Wa tatu ni brasi isiyo na jina. Ikifaulu mtihani wa ufunguo na mdomo, mie sina ubaguzi, kwani maji hayasomi maandishi ya kwenye boksi.

Stenlesi, chuma kinachosemwa hakishiki kutu, nimeiweka ya nne na najua kuna watakaonuna. Tatizo ni kwamba neno stenlesi linafunika vitu vingi. Ile ya daraja 201 ni rahisi na karibu na bahari hupata madoa ya kutu upesi. 304 ni nzuri zaidi lakini chumvi huitoboa vitobo vidogo vidogo. Ya kukaa pwani khasa ni 316, na mkono wa shawa wa 316 kuupata madukani ni bahati. Sumaku haitakusaidia kutenganisha 201 na 304, na muhuri uliogongwa kwenye bomba anaweza kuugonga yeyote. Mtu wa Paje au Nungwi, anayelala na upepo wa bahari, abaki na brasi.

Plastiki haishiki kutu, hilo nalikubali, ila inainama ukiitundikia shawa nzito ya umeme. Chuma cha kromu na zinki sivipangii namba.

Jengine, maana naulizwa sana: vile vichwa vipana vya mvua vyenye mkono wa sentimita 40. Mita kumi za kimo cha tangi ndizo zinazotoa baa moja ya msukumo. Tangi lako likiwa juu ya paa, mita mbili tatu tu juu ya kichwa cha shawa, una robo ya baa na kidogo. Mvua hiyo itakuwa manyunyu, na huku uzito wa kichwa kilichojaa maji unavuta meno yale yale ninayokulilia toka juu. Bila ya pampu, achana nacho.

Halafu hawa wauzaji. Kwa nini duka la vifaa vya ujenzi haliandiki bei? Unaingia, unatazamwa baibui, kiatu na simu, ndipo bei inazaliwa. Ukirudi na fundi ni bei nyengine, na ndani yake mna cha juu cha fundi, kila mtu anajua na hakuna anayesema. Ukiomba kufungua boksi unaambiwa, "Mama, hiyo orijino, mwenzio jana kachukua minne." Ukitoa sumaku unakunjiwa uso kama umemtukania wazee. Ukutani pameandikwa mali ikishauzwa hairudishwi, risiti mpaka uidai. Na mtindo mpya sasa: ile sahani ya kuziba tundu la ukutani, iliyokuwa inakuja na mkono, siku hizi mwahala mwengi inauzwa peke yake. Sahani! Unanunua mkono, unafika nyumbani, tundu linakutazama, unapanda tena daladala ya Mwanakwerekwe. Ulizia kabla ya kutoa pesa.

Kufunga hakuna shani. Funga maji, zungusha wa zamani kinyume cha saa, ukiusikia unagoma mwite fundi kabla haujakatika. Safisha meno ya ukutani kwa mswaki mkavu. Tepu nyeupe izungushe kufuata saa, ukiwa umeelekeza meno usoni kwako, mizunguko kama kumi. Sahani itangulie, kisha kaza kwa mkono, mwisho spana kidogo tu juu ya kitambaa ili usichubue kromu.

Walioko Pemba wananiambia Chake bei inaongezwa tena na kisingizio ni meli. Kama una mtu Unguja, mwagize, na akupigie picha ya mdomo wa ukutani kabla hajalipa. Muuzaji akikataa kufungua boksi, mwambie mtu wako atoke aende duka la pili.