Logotherapia hapa Kisumu: uzoefu wangu

Kama usiku ndio unaokutesa, jaribu logotherapia, tiba ya mazungumzo inayomsaidia mtu kuona maana ya maisha yake. Kwangu usingizi ndio uliorudi kwanza, kabla huzuni haijapungua hata kidogo.

Mimi ni fundi wa nguo, Kibuye. Tangu mume wangu afariki, moyo ulikuwa ukienda mbio bila sababu, hasa nikiwa ndani ya matatu, na usiku nilikuwa nageuka kitandani mpaka adhana ya alfajiri. Hospitalini walipima moyo, presha na damu, wakasema viko sawa. Muuguzi mmoja ndiye aliyenielekeza kwa kaunsela huko Milimani anayetumia logotherapia. Njia hii iliasisiwa na Viktor Frankl, daktari wa akili wa Vienna, aliyenusurika kambi za Wanazi, Auschwitz ikiwemo. Mkewe, wazazi wake na kaka yake hawakurudi. Nilipoambiwa hivyo nilitulia kumsikiliza kaunsela, maana aliyeiasisi alijua kufiwa ni nini.

Kikao cha kwanza hakunipa la kunituliza. Alisema, "Mama Atieno, leo usiku usilale. Shindana na usingizi." Nilidhani hajanielewa. Nyumbani nikawasha taa, nikakaa kwenye kiti cha plastiki na rundo la kola za sare za shule, nia yangu nikeshe. Nilizinduka kumepambazuka, shingo inauma, sindano ingali imechomekwa kwenye kola. Baadaye alinifafanulia: hofu ya kukosa usingizi ndiyo inayoufukuza, kwa hiyo ukikusudia kukesha, hofu haina tena cha kukutishia. Kwenye matatu vilevile, niuamrishe moyo udunde zaidi, kwa nguvu zake zote. Haukutii. Mara nyingi huwa umetulia kabla sijafika Kondele.

Huzuni ni habari nyingine. Frankl alishikilia kwamba mtu hupata maana kwa kazi anayoifanya, kwa watu anaowapenda, na kwa jinsi anavyoyabeba mateso asiyoweza kuyaepuka. Hiyo ya mwisho ndiyo tuliyokaa nayo sana. Siku moja kaunsela aliniuliza, "Kama wewe ndiye ungetangulia, Baba Atieno angebaki vipi?" Nikamwona mume wangu jikoni, hajui unga unawekwa wapi, hajui mtoto akikohoa usiku anapewa nini, analia peke yake. Nililia mpaka leso ikalowa. Uchungu huu ningemwachia yeye. Sasa ninaubeba kwa niaba yake. Niliambiwa kwamba swali kama hilo Frankl alimuuliza daktari mzee aliyefiwa na mkewe. Halikuondoa msiba, lakini tangu siku hiyo nimeacha kuuliza kwa nini mimi.

Kasoro zipo. Kikao ni shilingi 2,500, na kwa mtu wa kibanda hizo ni pesa za kodi. Tena kuna majuma alizungumzia maana ya maisha ilhali mimi hata ugali haupiti kooni. Nilimwambia wazi, naye akanituma kwa daktari, nikaanzishiwa dawa. Namheshimu sana kwa hilo. Dawa ndizo zilizonipa nguvu ya kuyajibu maswali yake, na yeyote anayekuambia utupe vidonge kwa sababu umepata maana, usimsikilize.

Tunaongea Kiswahili, na nikizidiwa naingia Kijaluo, anaelewa. Ila kama umefika mahali pa kufikiria kujiua, usingoje miadi ya kaunsela yeyote: nenda hospitali leo, uende na mtu unayemwamini. Vikao vitafuata baadaye.