Upasuaji wa nundu ya dole gumba la mguu: maumivu nyota 5, kutembea nyota 3 kisha 4

Kwa maumivu ya nundu yenyewe naupa upasuaji huu nyota 5. Kwa kutembea na kusimama imara ni 3 katika miezi 3 ya mwanzo, 4 baada ya mwaka. Kilichopunguza nyota si kisu, ni mambo ambayo karatasi ya kuruhusiwa kutoka wodini haikuyagusa.

Niliofanyiwa ni ule unaoitwa skafu. Mfupa mrefu ulio nyuma ya dole gumba hukatwa kwa umbo la herufi Z, kipande cha chini kikasogezwa upande wa kidole cha pili, kikabanwa kwa skrubu 2. Nundu si nyama iliyoota. Ni kichwa cha mfupa huo kilichotoka kwenye mstari. Ndiyo maana kuichonga tu bila kuusogeza mfupa mara nyingi huishia nundu kurudi.

Wiki 2 za mwanzo kazi ni moja: mguu juu. Juu kuliko moyo, yaani umelala na mito miwili mitatu chini ya muundi. Stuli mbele ya kochi haitoshi. Dawa ya maumivu meza kabla ganzi ya kifundoni haijaisha, usisubiri.

Kisha kuna kile kiatu cha hospitali chenye soli nene isiyopinda, cha wiki 6. Kinauinua mguu mmoja, nyonga zinalala upande, na baada ya siku chache kiuno na goti la mguu mzima vinalalamika. Pima unene wa soli kwa rula, kisha mpe fundi viatu raba kuukuu ya mguu wa pili abandike soli hadi zilingane. Kwa gharama yake ndogo, hakuna kilichonisaidia kuliko hicho.

Tatizo kubwa huanza kiatu kikishavuliwa. Mfupa umeunga kwenye eksirei, lakini mwili umezoea kukanyagia kisigino na ukingo wa nje wa wayo. Hatua ya kawaida humalizikia kwenye dole gumba: kisigino kikinyanyuka, dole hupinda kwenda juu kiasi cha nyuzi 60, utando wa chini ya wayo unakazika, mguu unakuwa mgumu wa kusukumia. Dole likikakamaa, mzigo unahamia chini ya kidole cha pili. Panaota sugu, panauma kama umekanyaga kokoto. Sugu mpya hapo ipeleke kwa daktari, kwa sababu huenda pia mfupa uliokatwa umefupika au umeinuka.

Zoezi la kulizuia hilo ni rahisi, na wengi hulikosea. Ukisharuhusiwa na daktari wako (mimi ilikuwa baada ya nyuzi za kidonda kutolewa), shika dole kwenye shina lake, karibu na kiungo, si kwenye ncha. Ukishika ncha unapindisha kiungo kidogo cha mbele tu huku kile kilichofanyiwa kazi kimelala. Inua hadi uhisi mvuto, hesabu 10, rudia mara 10, mara 3 au 4 kwa siku. Shusha chini vilevile. Baadaye weka kipande cha karatasi chini ya dole na mtu akivute; kama kinatoka kirahisi, dole bado halikanyagi.

Kigimbi nacho husinyaa. Nyanyua visigino vyote viwili ukishika sinki, halafu kimoja kimoja maumivu yakiruhusu.

Kuhusu kuyumba: mshipa wa fahamu unaopita karibu na kidonda unaweza kuacha ganzi ubavuni mwa dole, na uvimbe wa jioni hudumu miezi 6 au zaidi, kwa hiyo wayo haukupi habari kamili za ardhi. Simama kwa mguu mmoja ndani ya fremu ya mlango, sekunde 30. Ukiweza, fanya juu ya godoro jembamba. Kufumba macho ni hatua ya mwisho. Kwenye daladala tanguliza mguu mzima mbele: breki ikishikwa mwili unakwenda mbele, na kinachouzuia ni vidole.

Kigimbi kimoja kikivimba na kuuma, au pumzi ikikata, nenda hospitali mara moja.

Ndala ziache zikae. Kamba yake hubanwa kati ya dole na kidole cha pili, kazi ambayo mguu mpya hauiwezi, na hatua moja kwenye sakafu yenye maji inatosha kukuangusha. Anayeswali ajue kwamba kukaa tahiyatu na vidole vya mguu wa kulia vimekunjwa kunadai dole lipinde kuliko hatua yoyote, kiti kwanza. Kwangu hilo ndilo lililochelewa kuliko yote, na nyuzi chache za mwisho za kupinda hazijarudi.