Kliniki ya dawa za kuzuia damu kuganda, Mwanza
Kwa miezi 9 nimekuwa nikimsindikiza mdogo wangu katika kliniki moja ya binafsi jijini Mwanza, baada ya picha ya MRI kuonyesha damu iliyoganda katika vena za ubongo wake, hali iliyoanza kwa maumivu ya kichwa ya siku nyingi ambayo sisi nyumbani tuliyaita malaria.

Kilichonivutia zaidi ni jinsi daktari alivyochimba habari za ukoo wetu, akiuliza nani aliwahi kuvimba mguu mmoja kwa damu kuganda, kwa sababu upungufu wa protini C, protini S au antithrombini, yaani protini za mwilini zinazozuia damu kuganda ovyo, unaweza kurithiwa. Alimwachisha pia vidonge vya uzazi wa mpango vyenye estrojeni, homoni inayoongeza hatari ya damu kuganda. Wala hakukimbilia kupima protini hizo wakati mgonjwa anameza warfarini, dawa yake ya kuzuia damu kuganda, kwa kuwa dawa hiyo hushusha protini C na S na hivyo kupotosha majibu.

Kipimo cha INR, kinachoonyesha damu inachelewa kuganda kwa kiasi gani na ambacho kwake kinatakiwa kisomeke kati ya 2 na 3, hufanywa kwa tone la damu ya kidoleni. Ushauri wa chakula ni wa hapa hapa kwetu: ugali kwa sato hauna neno, ila matembele na kisamvu, vyenye vitamini K inayopunguza nguvu ya warfarini, aendelee kula kwa kiasi kilekile kila wiki.

Kasoro ipo. Mara mbili tulitoka Ukerewe kwa meli na kukuta vifaa vya kupimia vimekwisha, bila yeyote kutupigia simu. Anayetoka visiwani aulize kabla ya kukata tiketi.