Deki ya Blu-ray kwenye monita ya zamani: waya wa HDMI–DVI si wa kulaumiwa

Nimeutumia waya wa HDMI kwenda DVI kuunganisha deki ya Blu-ray na monita za zamani za kompyuta, zenye HDCP (kufuli la kuzuia filamu kunakiliwa) na zisizo nayo. Waya wenyewe hauna kasoro. Picha ya HDMI na ya DVI husafiri kwa namna ileile, kwa hiyo hakuna kinachogeuzwa njiani wala ubora unaopotea. Kinachoniudhi ni pakiti yake: haikuandikwa popote kwamba monita isipokuwa na HDCP, waya huo haukusaidii kitu kwa filamu za dukani.

Dalili yake ni hii. Menyu ya deki inaonekana vizuri, unaweka diski, inasoma, halafu filamu ikitaka kuanza tu kioo kinakuwa cheusi au kinajaa chenga. Wengi hapo hukimbilia kununua waya mwingine, wakati tatizo ni kufuli hilo la HDCP. Deki hupiga hodi kwenye monita kupitia pini zilezile inazosomea taarifa za monita. Monita yenye HDCP ina funguo 40 za siri za kuitikia. Isiyo nazo hukaa kimya, na deki inazuia picha. Hata ikishaitikia, deki huendelea kuhakiki kila fremu 128, kama sekunde 2 hivi kwenye 60 Hz. Ndiyo maana picha inayokatika na kurudi mara kwa mara huwa ni plagi iliyolegea: kaza skrubu zote mbili za DVI kabla ya kuhangaika na kingine.

Tundu la DVI peke yake si ushahidi. Monita nyingi za mwanzoni mwa miaka ya 2000 zina DVI bila HDCP. Tazama kitabu cha monita, au iunganishe na kompyuta yenye kadi ya NVIDIA: paneli yake ya mipangilio ina ukurasa wa hali ya HDCP.

Kupitia VGA, tundu la zamani la picha ya analogi, usitarajie mengi. Deki za Blu-ray zilizotengenezwa kuanzia 2011 hubana filamu zilizolindwa hadi ubora wa chini wa 480i au 576i kwenye matundu ya picha ya analogi, na zilizofuata baada ya 2013 hazina matundu hayo kabisa. Visanduku vya kuondoa HDCP sivipendekezi. Kuvunja kufuli hilo ni kosa katika nchi nyingi, Marekani ikiwemo tangu sheria yake ya 1998.

Monita ikiwa na HDCP bado kuna marekebisho, na yafanye kwanza kwenye TV ili uone menyu. Zima 24p (fremu 24 kwa sekunde), maana monita nyingi za zamani hukubali 60 Hz tu. Ya 1280x1024 iwekee 720p, na uwe tayari kuona nyuso zimerefuka kama haina chaguo la kubakiza uwiano wa picha. Rangi zikiwa za waridi na kijani, deki inatuma rangi kwa mfumo wa YCbCr: hamishia RGB.

Sauti haitatoka kwenye monita. Deki yenye matundu mekundu na meupe inahitaji waya wa RCA kwenda tundu la milimita 3.5 tu, uchomeke spika za kompyuta. Yenye tundu la mwanga (optical) pekee itadai kigeuzi, na hicho kinataka umeme wake.

Kwa diski za 4K, usinunue waya huu: ili zionekane kwa ubora wa 4K zinadai HDCP 2.2, ambayo monita za enzi hizo hazina.