Kozi ya majuma manane juu ya amani na uhai: maoni ya mkunga

Nimekuwa mkunga kwa miaka 19. Nilijiandikisha kwenye kozi hii kwa haja moja tu: kupata maneno ya kuwaambia akina mama wanaonijia na mimba wasizozitaka, maneno yasiyowapiga mawe. Tangazo lilisema ni kozi ya Kikristo kuhusu amani na heshima kwa uhai wa kila mtu. Nililishika neno "uhai", hayo mengine nikayapita.

Vipindi ni vinane, kila Jumanne jioni, kwa muda wa saa moja na nusu, kwa njia ya intaneti. Wanaoongoza ni mchungaji na mtawa wa Kikatoliki, na namna wanavyopokezana bila kushindana imenifurahisha sana. Jioni ya kwanza walimuuliza kila mmoja wetu: uhai wa nani umekuleta hapa? Mimi nikajibu, wa watoto ambao hawajazaliwa. Mzee mmoja akasema wakimbizi. Dada mmoja akamtaja mama yake aliyepooza, ambaye ndugu wameanza kumwita mzigo. Kijana aliyewahi kuwa askari akasema, "Wale niliowaona wamekufa." Hakuna aliyetaja wafungwa. Mtawa aliyaandika majibu yote, na kila juma lililofuata, tukishakolea katika mazungumzo, alitusimamisha na kuuliza: na huyu, je?

Kipindi cha tatu ndicho kilichonikalisha kitako. Habari ya Petro kumkata sikio mtumwa wa kuhani mkuu naijua tangu utotoni, ila siku zote nilikuwa namtazama Petro na upanga wake. Mchungaji akatutaka tumtazame Malko. Yohana ndiye anayetupa jina lake, Luka ndiye anayesema sikio liliponywa. Yaani mtu wa mwisho kuponywa na Yesu kabla ya msalaba, kwa jinsi Injili zinavyosimulia, alikuwa amekuja na kundi la kumkamata. Baada ya hapo mchungaji alinyamaza, nasi tukanyamaza, mpaka nikadhani mtandao umekatika.

Sikutegemea historia nyingi, na kumbe ndiyo iliyoipa kozi uzito. Walitueleza habari za Franz Jägerstätter, mkulima wa Austria aliyekataa kupigana katika jeshi la Hitler, akakatwa kichwa tarehe 9 Agosti 1943 na kuacha mke na mabinti watatu. Hawakuificha sehemu inayouma: watu wengi wa kanisa lake mwenyewe walimshauri akubali, awafikirie watoto. Kanisa lilimtangaza mwenyeheri, hatua ya kabla ya kuitwa mtakatifu, mwaka 2007, na mjane wake, Franziska, alikuwepo akiwa na umri wa miaka 94. Nilibaki nikimwaza huyo Franziska kuliko hata mumewe.

Kisha Msumbiji. Jumuiya ya Sant'Egidio ya Roma, watu wasio na jeshi wala fedha za kumtisha mtu, waliwakalisha meza moja wajumbe wa serikali na wa Renamo, waasi waliokuwa wakipigana nayo, kuanzia Julai 1990. Ilichukua miezi 27. Tarehe 4 Oktoba 1992 Rais Joaquim Chissano na kiongozi wa Renamo, Afonso Dhlakama, wakatia saini mkataba wa amani. Yule kijana askari aliuliza kwa nini ilichukua muda wote huo watu wakiendelea kufa. Jibu halikupambwa: kuaminiana hakuamrishwi, na walianza na yale machache waliyokubaliana, yanayowatenganisha wakayaweka kando kwanza. Namfahamu mama anayekaa leba saa 30. Jibu hilo lilinitosha, ingawa yeye sidhani kama lilimtosha.

Sasa nifike kwenye kasoro. Kipindi cha sita kinahusu adhabu ya kifo. Walieleza jinsi Papa Fransisko mwaka 2018 alivyoibadilisha Katekisimu, kitabu cha mafundisho ya Kanisa Katoliki, iseme kwamba adhabu hiyo haikubaliki, kwa kuwa inashambulia heshima ya mtu, hata mkosaji. Wakaturudisha Mwanzo sura ya nne: Mungu anamwadhibu Kaini, halafu anamtia alama ili asiuawe. Mimi kaka yangu aliuawa na mwizi miaka 11 iliyopita. Aliyemuua yuko gerezani, na kwa muda mrefu niliomba anyongwe. Nilizima kamera. Dakika 20 baadaye walikuwa wameshahamia mada nyingine, muda ukaisha, wakatuaga.

Hili siwezi kulipunguza. Huwezi kumtaka mfiwa aheshimu uhai wa muuaji kisha ukafunga mkutano kwa sababu saa imefika. Niliwaandikia, jibu likaja baada ya siku tisa, mistari miwili ya adabu. Aliyenipigia simu usiku ule ule ni yule kijana. Alisema tu, "Mama, nimeona umezima kamera," kisha akakaa kwenye simu nikilia. Naomba waandaaji wawatahadharishe watu mapema, na watenge jioni nzima kwa ajili ya waliofiwa kwa njia hiyo.

Masomo ya kujisomea nyumbani pia ni marefu mno, na sauti ilikuwa mbaya vipindi viwili vya mwanzo. Hayo yanarekebishika.

Kulikuwa na mabishano pia. Kardinali Joseph Bernardin wa Chicago mwaka 1983 aliyaunganisha mambo ya vita, mimba, adhabu ya kifo na matunzo ya wagonjwa kuwa vazi moja lisilo na mshono. Baadhi yetu walilalamika kwamba hapo suala la mimba linapotea katikati ya mengine. Hofu hiyo nilikuwa nayo. Kazini kwangu imekuwa kinyume. Zamani mama alipoingia nilianza na mtoto aliye tumboni. Siku hizi naanza na swali: wewe mwenyewe uko salama nyumbani? Juma lililopita mmoja aliinamisha kichwa, hakujibu kwa dakika kadhaa, kisha akanionyesha mkono wake. Miaka 19, na sikuwahi kuuliza.

Naipa nyota nne kati ya tano. Mwenye msiba wa namna yangu asiingie kipindi cha sita bila mtu wa kumpigia simu.

Nina daftari la sala. Jina la kaka yangu liko ukurasa wa kwanza, na chini yake sasa nimeliandika la yule mfungwa. Kulitamka bado sijaweza.